Anayetozwa Haandikwi

Kila vita vinapoisogelea Fizi yetu ya Kivu Kusini, maneno ni yale yale, Kinshasa hata Baraka: mpaka ufungwe, wageni wachujwe, askari waongezwe kwenye Ziwa Tanganyika. Nimeshughulika na sheria za uhamiaji za nchi yetu muda mrefu, na mimi siimbi wimbo huo. Mpaka wa Fizi haujakosa walinzi. Una walinzi wengi kupita kiasi, na karibu wote riziki yao imo mfukoni mwa msafiri. Ndiyo maana wanamtoza bila kumwandika. Serikali inayotoza bila kuandika haijui nani ameingia, nani ametoka, wala kabeba nini. Kabla ya boti za doria na kabla ya mitambo ya alama za vidole, mageuzi tunayoyahitaji kwanza ni kutenganisha daftari na pesa. Bila hilo, kila tutakachoongeza mpakani kitakuwa meza nyingine ya kutozea.

Anayesema mpaka ufungwe aanze kwa kutazama ramani. Ukitoka Uvira kwenda kusini unaingia Fizi kwa Makobola, unapita Swima, Mboko na Lusenda, unafika Baraka. Mbele yako kuna rasi ya Ubwari, na zaidi ya hapo Kazimia na vijiji vya wavuvi mpaka kwenye mpaka wa jimbo la Tanganyika. Pwani yote hiyo ni mialo. Ng'ambo kuna Rumonge na Nyanza-Lac za Burundi, na chini yake Kigoma ya Tanzania, yenye soko la Kibirizi na mji wa kale wa Ujiji. Ziwa lenyewe lina upana wa wastani wa kilomita 50 hivi. Boti la mbao lenye injini huvuka usiku mmoja, na mvuvi wa dagaa hulala katikati ya maji bila kujua ametega katika maji ya nani. Tanzania ina asilimia 46 ya ziwa hili, Kongo 40, Burundi 8 na Zambia 6, lakini mstari unaogawa asilimia hizo hakuna aliyewahi kuuona kwa macho. Mpaka wa namna hii haupigwi ukuta. Unajulikana tu kwa habari za watu wanaoupita, na habari hizo wenye nazo ni manahodha, wachuuzi na wavuvi. Tukiwafanya watukimbie, tumejitoboa macho wenyewe.

Sasa tuje mwaloni. Amri ya serikali namba 036/2002 ya tarehe 28 Machi 2002 ilitaja huduma nne tu zinazoruhusiwa kufanya kazi mpakani: uhamiaji, yaani DGM, forodha, iliyoitwa OFIDA wakati huo na leo ni DGDA, OCC inayokagua bidhaa, na huduma ya afya ya mipakani. Nne, basi. Nenda kwenye mwalo wowote wenye biashara uhesabu mwenyewe. Utamkuta mtu wa usalama wa taifa, mtu wa ujasusi wa jeshi, wanamaji, polisi, mtoza kodi wa jimbo, mwingine wa sekta, na wengine wenye risiti ambazo hata wao hawawezi kukuambia zimetoka ofisi gani. Pale dola isipofika, wapo vijana wenye bunduki na jetoni zao za kulipia njia, na usiku unadaiwa pesa ya lala salama. Miaka zaidi ya 20 imepita, na amri ile haijafutwa. Imeachwa tu ifunikwe na vumbi.

Wamejazana kwa sababu inayoeleweka. Watumishi wengi wa huduma hizi hawana namba ya utumishi. Wamepokelewa kazini, wamepewa kofia au mhuri, wakaachwa wajitafutie. Wenye namba wanapata mshahara usiotosha kodi ya nyumba. Juu ya hapo, kila mmoja ana mkubwa anayengoja raporti, nayo maana yake si karatasi ya taarifa bali fungu la pesa linalopanda ngazi kila juma kutoka mwaloni kwenda mjini. Asiyepeleka raporti hubadilishwa kituo. Hivyo hata mtumishi mwenye moyo safi hana nafasi ya kuwa mwadilifu kwa muda mrefu. Nafasi yake itachukuliwa na aliye tayari kupeleka zaidi. Anayelaumu tabia ya mtu mmoja mmoja hajaona mashine inayomzungusha.

Mfuate sasa mama mchuuzi anayerudi na mchele, sabuni na vitenge. Akishuka kwenye bandari rasmi mchana, atapita meza moja baada ya nyingine, na kila meza ina bei inayotegemea sura yake, mzigo wake na saa ya siku. Akishuka gizani kwenye mwalo wa kando, atalipa mara moja, kwa mtu mmoja, bei anayoijua. Hakuna haja ya kumwita mhalifu. Anapiga hesabu kama mfanyabiashara yeyote. Mtumishi naye ana hesabu yake. Jina lililoandikwa kwenye daftari linaacha alama: kuna siku mkaguzi anaweza kuuliza pesa ya hazina iko wapi. Jina lisiloandikwa halina deni kwa mtu. Msafiri anataka kupita kwa bei ndogo, mtumishi anataka pesa isiyo na kumbukumbu. Wote wawili wanafaidika na ukimya. Mapatano haya madogo, yakirudiwa kila siku kwenye kila mwalo, ndiyo upofu wa dola katika Fizi nzima.

Upofu huo unamwumiza nani? Mwenye bunduki haumwumizi. Yeye hulipa bila kubembeleza, au halipi kwa sababu anaogopwa. Dhahabu ya machimbo ya Misisi haijazi gunia. Inabebwa mfukoni, na anayeibeba ana uwezo wa kununua meza zote kwa pamoja. Anayebaki kupekuliwa mpaka chini ya sufuria ni mwenye madebe mawili ya mawese. Mfumo wetu wa mpaka ni wavu wa ajabu: unanasa dagaa, na samaki wakubwa wanautoboa wanaenda zao.

Historia ya Fizi inalithibitisha hilo kwa ukali. Tarehe 24 Aprili 1965, Ernesto Che Guevara alivuka kutoka Kigoma na kundi la kwanza la Wacuba wake, akatua Kibamba upande wetu. Laurent-Désiré Kabila, aliyeanzisha chama cha PRP mwaka 1967, aliishi na watu wake katika milima ya Fizi kwa miaka mingi, na njia yake ya kupumulia ilikuwa ziwa na biashara ya Kigoma. Usiku wa tarehe 19 Mei 1975, watu wenye silaha wa PRP walivuka kwa boti hadi Gombe, kwenye kituo cha Jane Goodall cha utafiti wa sokwe, wakateka wanafunzi wanne, watatu Wamarekani na mmoja Mholanzi, wakawaleta upande wa Zaire. Septemba 2017 wapiganaji wa Mai-Mai wa Yakutumba waliikaribia Uvira kwa nchi kavu na kwa boti. Wakati wote huo Zaire, kisha Kongo, haikupungukiwa na askari wala watoza kodi kwenye mwambao. Ilipungukiwa na mtu wa kijijini mwenye sababu ya kwenda kwa afisa wa serikali na kusema: jana usiku yametua maboti matatu nisiyoyajua. Nani atamwendea afisa ambaye jambo la kwanza atamwuliza ni makaratasi yake mwenyewe?

Nakuja kwenye mambo yanayosemwa sana, na ambayo mimi nayapinga. La kwanza ni kwamba kufunga mpaka huzuia watu kuvuka. Kufunga huzuia watu kuandikwa, basi. Januari 2018, mapigano kati ya jeshi na wanamgambo wa Mai-Mai yalipopamba moto katika Fizi, maelfu ya watu wetu waliingia Burundi kwa juma moja tu, na zaidi ya elfu moja Tanzania, wengi kwa mitumbwi ya wavuvi. Februari 2025, Bukavu ilipoanguka mikononi mwa waasi wa M23, makumi ya maelfu waliikimbilia Burundi. Waliokosa njia ya wazi walijitosa mto Rusizi, na wapo waliokufa maji. Desemba mwaka huo huo M23 walipoingia Uvira, makumi ya maelfu wengine walivuka, na wengine wengi wakashuka kusini kuja Fizi na Baraka. Mwenye kukimbia risasi hasomi tangazo la waziri. Ukimfungia mlango, anapita dirishani, na hapo hutajua kama aliyepita naye alikuwa mtoto wake au mtu aliyeficha bastola.

La pili linasikika kila jukwaa: wakimbizi ndio wanaoleta vita. Fizi inawajua wakimbizi kwa miaka zaidi ya 50. Warundi walitujia mwaka 1972, wakatujia tena 1993, na tena 2015, mwaka ambao kambi ya Lusenda ilifunguliwa, kisha Mulongwe. Sikatai kwamba kati ya wanaokimbia hupita wenye silaha; ingekuwa uongo kusema hawapiti. Lakini sheria haikuliacha jambo hilo wazi. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) wa 1969 unamkataza mkimbizi kuishambulia nchi alikotoka, na unaitaka nchi iliyompokea imweke mbali na mpaka kadiri iwezekanavyo, kwa ajili ya usalama. Sheria yetu namba 021/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002 iliunda Tume ya Taifa ya Wakimbizi ili kazi ya kumpokea, kumsikiliza na kumpa hadhi iwe ya raia na wanasheria. Kumnyang'anya mtu silaha na kumtenga na wengine ni kazi ya siku ya kwanza, pale anapotua. Tusipoifanya siku hiyo tutaifanya baadaye kwa mabavu, na mabavu yana bei. Tarehe 15 Septemba 2017 huko Kamanyola, mzozo ulioanzia kwenye kukamatwa kwa Warundi wachache uliishia kwa vyombo vya usalama kuufyatulia risasi umati wa waomba hifadhi, na watu zaidi ya 30 wakauawa. Hakuna aliye salama zaidi leo kwa sababu ya siku ile. Aliyekabidhiwa wakimbizi hakuwa na kazi nyingine aliyofundishwa ila ya bunduki.

La tatu ni gumu zaidi, na najua litawakera wasomaji wa pande mbili. Katika Fizi neno "mgeni" limekoma kumaanisha mtu wa nchi nyingine. Limekuwa neno la kabila. Tukizungumza mpaka, mwenzetu mmoja anafikiria Minembwe na Hauts Plateaux, nyanda za juu wanakoishi Wanyamulenge. Mwingine anajiandaa kujitetea kabla hajashtakiwa. Sheria ya uraia namba 04/024 ya tarehe 12 Novemba 2004 inasema Mkongo wa asili ni yule wa makabila ambayo watu wake na ardhi yake vilikuwa sehemu ya Kongo wakati wa uhuru, na Katiba ya 2006 ikarudia. Mabishano juu ya ardhi, tawala za kienyeji na wilaya ya Minembwe, ambayo uzinduzi wake wa Septemba 2020 ulizua kelele hadi Rais akaisimamisha mwezi uliofuata, ni mabishano ya kweli na yana mahali pake: bungeni, mahakamani, kwenye meza ya upatanisho. Mwaloni si mahali pake. Hakuna sheria hata moja iliyompa mtumishi wa DGM mamlaka ya kuamua uraia wa mtu kwa kumtazama pua au kusikiliza lafudhi yake.

Na anayedhani mchezo huo unawaumiza watu wa kabila moja tu, awaulize Wabembe waliorudi kutoka Tanzania. Mwaka 1996 familia nyingi za Fizi zilivuka kwenda Kigoma, na kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa mwaka huo. Mwaka uliofuata ikaja Lugufu, iliyofungwa 2009. Kuanzia 2005, meli zilianza kuwarejesha watu Baraka. Walishuka na vijana waliozaliwa au kukulia ng'ambo, Kiswahili chao cha Kigoma, shule yao ya kambini, cheti cha kuzaliwa hakuna. Kijana kama huyo akiulizwa "wewe ni wa wapi" na mtu anayetafuta kitu kidogo, hana la kuonyesha. Nchi yetu haijafanya sensa tangu 1984. Kitambulisho cha taifa kilizinduliwa kwa sherehe mwaka 2023, raia wa kawaida hajakishika, na mpaka leo anayetaka kujitambulisha anatoa kadi ya mpiga kura. Kadi hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya uchaguzi, na asiyekuwepo siku za kuandikisha hana. Mbembe aliyetoka Nyarugusu na Mnyamulenge aliyeshuka kutoka milimani wanakutana kwenye meza moja, mbele ya mtu mmoja, wakiwa na tatizo moja: hawana karatasi inayoweza kusema kabla sura zao hazijasema. Kinachowatofautisha ni nani siku hiyo ana jina baya mjini.

La nne ni la wenye matumaini. Kongo ilipokuwa mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 11 Julai 2022, wengi walisema mpaka umekwisha. Itifaki ya Soko la Pamoja, inayofanya kazi tangu 2010, haikufuta mpaka. Inampa raia haki ya kuingia nchi mwenzake bila viza, kwa masharti ya kuwa na kitambulisho halali, na inaiachia serikali haki ya kuzuia kwa sababu za usalama na afya. Haki hiyo, basi, inaingia kwa mlango wa kitambulisho, na mlango huo kwetu umefungwa. Tanzania ilipowaondolea Wakongo viza mwaka 2023, aliyefaidika haraka ni mfanyabiashara wa Lubumbashi mwenye pasipoti. Pasipoti yetu iliwahi kuuzwa dola 185, na hata ilipopunguzwa hadi 99 ilibaki pesa ambayo mchuuzi wa Mboko hakuwa nayo. Mwenzake wa Goma alizoea kuvuka kwenda Gisenyi asubuhi na kurudi jioni kwa jetoni ya siku moja, desturi iliyokua chini ya kivuli cha CEPGL, jumuiya ya Kongo, Rwanda na Burundi iliyoanzishwa 1976. Sisi wa ziwani hatukupata hata hicho. Kwa watu wa Fizi, Jumuiya ya Afrika Mashariki imebaki bendera inayopepea Arusha.

Nini kifanyike? Nitaanza na lisilohitaji sheria mpya. Amri ya 2002 itekelezwe kwenye bandari ya Baraka na ya Mboko: huduma nne, dirisha moja, ubao wenye bei zote kwa Kiswahili, na risiti kwa kila faranga. Wengine wote waondoke mwaloni, wenye sare na wasio na sare. Nimechagua bandari mbili kwa makusudi. Kwenye mialo ambayo leo iko mikononi mwa wapiganaji wa Wazalendo au kundi jingine, amri ya Kinshasa itaishia kwenye karatasi, na kuahidi zaidi ni kudanganya watu. Lakini bandari mbili zenye njia ya bei nafuu na inayojulikana zitawavuta wachuuzi wenyewe waache giza. Mwalo wa kando utabaki na wale tu wenye sababu ya kujificha, na hapo ndipo doria itakapokuwa na maana, kwa kuwa itajua inamtafuta nani.

Pili, iundwe jetoni ya ziwa kwa wakazi wa mwambao, ya bure na ya mwaka mzima, itolewe na DGM kwa ushuhuda wa chifu wa kijiji. Iwe na picha, jina na mahali anapokaa. Kabila lisiandikwe, wala lisiulizwe. Nasisitiza hili kwa sababu katika nchi yetu daftari lenye kabila hugeuka orodha ya kuwinda watu siku ambayo mji unabadilisha mikono, na Bukavu, Goma na Uvira zimetufundisha jinsi mji unavyobadilisha mikono kwa usiku mmoja.

Tatu, kila boti liwe na namba iliyopakwa ubavuni, na nahodha aache nakala ya majina ya abiria anapoondoka na nyingine anapofika. Hili ni la usalama, na ni la uhai pia. Meli ya Mutambala ilipozama Desemba 2014, ikiwa imebeba watu na mizigo kupita kiasi, walikufa zaidi ya watu 120. Familia za ziwani zinajua uchungu wa kumtafuta ndugu ambaye hakuna karatasi inayosema alipanda. Nahodha anayelichukia daftari la kodi atalikubali daftari la uokoaji, na majina ni yale yale.

Nne, orodha hizo zipitishwe kati ya Baraka, Kigoma, Rumonge, Kalemie na Mpulungu. Tukiambiwa nchi nne haziwezi kuelewana, tujibu kwa samaki. Mkataba wa ziwa ulitiwa saini Juni 2003, ukaunda mamlaka yenye makao Bujumbura, na mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa kwa miezi mitatu, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, kwa makubaliano ya nchi zote, ili mikeke na dagaa wazaliane. Wavuvi walinung'unika, na walikuwa na haki ya kunung'unika, lakini jambo lilifanyika. Serikali zinazoweza kukubaliana siku ya kutotega wavu zinaweza kukubaliana namna ya kuandika jina la abiria.

La tano ndilo linalohitaji Bunge. Sheria inayowasimamia wageni nchini bado ni ile namba 83-033 ya tarehe 12 Septemba 1983, enzi za Mobutu, yenye roho ya polisi: mgeni ni mtu wa kuchunguzwa na kufukuzwa. Haikuijua Jumuiya ya Afrika Mashariki, haikumjua mchuuzi wa mpakani, haikumjua mtoto aliyezaliwa kambini. Iandikwe upya, na ndani yake ziwekwe kanuni mbili: anayeandika asipokee pesa, na anayepokea pesa asiwe na mamlaka ya kumzuia mtu. Watumishi watakaobaki wapewe namba na mshahara. Watakaotolewa waambiwe ukweli na wapewe njia nyingine, kwa maana kijana mwenye mhuri ukimfukuza mikono mitupu atarudi na bunduki.

Nasikia pingamizi la wakusanya mapato: serikali itapoteza pesa. Pesa ipi? Inayopanda kwa raporti haijawahi kufika hazina, kwa hiyo hakuna hazina itakayoililia. Kwa bidhaa zisizozidi thamani ya dola 2,000, Jumuiya ina cheti rahisi cha asili kinachomwondolea mchuuzi ushuru wa forodha kwa bidhaa zilizotengenezwa ndani ya nchi wanachama. Anachobaki kulipa ni ada ndogo halali. Ada ndogo ikilipwa na wengi kwa mlango wa mbele huzidi tozo kubwa inayokimbiwa na wote. Watakaopoteza kweli ni wakubwa wanaongoja raporti, na hao ndio watakaopinga kwa sauti kubwa zaidi, wakiuita mpango huu udhaifu mbele ya adui. Wasomaji wawasikilize wakijua wanatetea nini.

Kwa hiyo mwanasiasa atakapokuja Baraka kuomba kura na kuahidi mpaka salama, msimpigie makofi kwa idadi ya askari. Mwulizeni mambo matatu. Jumanne iliyopita walivuka wangapi kwenye bandari hii, na daftari liko wapi? Mchuuzi wa Mboko atalipa faranga ngapi, kwenye meza ngapi, na bei imeandikwa wapi? Aliyezaliwa Nyarugusu ataonyesha karatasi gani, na itatolewa na nani, kwa muda gani? Akiweza kujibu yote matatu, ana sera ya mpaka. Akijibu kwa kutaja kabila la mtu, arudishwe alikotoka bila kura.